Wavuvi wa Mshipi na Wapiga Kafi: Mito ya Uingereza ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu kiangazi cha mwaka 2020, wakati wa korona, watu wengi Uingereza wamenunua kayaki za kujaza upepo na mbao za kusimamia juu ya maji. Wakazi wenzetu kutoka Afrika Mashariki wamo, na wengi wao hushtuka wanapofokewa na mvuvi aliye ukingoni kwamba mto huo si wa umma. Wengine wako upande wa pili: wamejiunga na klabu ya uvuvi, wamelipa, na kila Jumamosi mitumbwi inapita juu ya mishipi yao. Majibu haya ni ya wote wawili. Nikisema wapiga kafi, nina maana ya watu wa mitumbwi, kayaki na hizo mbao. Wavuvi ninaowasema ni wale wanaovua kwa ufito na mshipi kwa kujiburudisha, wala si wa nyavu.

Naweza kushusha kayaki yangu kwenye mto wowote ulio karibu na nyumbani?

Ukiwa Uskoti, karibu kila mahali unaweza. Ukiwa England au Wales, hapana.

England na Wales, umma una haki ya kupita kwa chombo pale maji ya bahari yanapofika, yaani sehemu ya mto inayojaa na kupwa. Juu ya hapo unahitaji mto uwe na haki yake mahususi, kwa sheria ya bunge au kwa desturi ya zamani iliyothibitishwa. Thames inayo, kutoka Cricklade hadi Teddington. Wye inayo, kutoka daraja la Hay-on-Wye kuteremka. Mifereji na mito inayosimamiwa na shirika la Canal & River Trust inaruhusiwa kwa leseni. Nje ya hapo, ruhusa ni ya mwenye ardhi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba hata mto ukiwa na haki ya kupita, ukingo unaweza kuwa wa mtu. Tafuta mahali halali pa kushukia na pa kutokea kabla hujaondoka nyumbani.

Lakini maji yanatiririka. Mtu anamilikije mto?

Hamiliki maji. Anamiliki ardhi iliyo chini yake. Sheria ya England, iliyojengwa na hukumu za majaji kwa karne nyingi, inachukulia kwamba mwenye shamba ukingoni anamiliki sakafu ya mto hadi katikati, na jirani wa ng'ambo anamiliki nusu iliyobaki. Samaki anayeogelea hana mwenyewe mpaka avuliwe, ila haki ya kumvua ni mali kamili. Inauzwa, inarithiwa, inakodishwa, na inaweza kutenganishwa na shamba lenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta ng'ombe ni wa mkulima mmoja, na uvuvi wa mita mia tano za mto ni wa klabu ya mjini.

Nikipita bila ruhusa, nimetenda jinai?

Kwa kawaida hapana. Kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa, pamoja na kuelea juu yake, ni kosa la madai. Mwenyewe anaweza kukutaka uondoke, na anaweza kukushtaki mahakamani akidai fidia au zuio. Polisi hawana kazi hapo, hata kama kibao kimeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba wapitaji watashtakiwa. Jinai inakuja ukikusudia kuwavurugia watu shughuli yao halali, kwa mfano ukizunguka-zunguka makusudi mbele ya mvuvi ili asivue. Kwa upande wa pili, anayekutupia risasi ya mshipi (kile kizito kinachozamisha ndoano) au kufunga waya kukatiza mto anahatarisha maisha, na huyo ni wa kuripotiwa polisi mara moja.

Tazama sasa tofauti. Anayevua bila leseni anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500, na anayevua samaki wa mtu bila idhini anaangukia sheria ya wizi ya mwaka 1968. Mpiga kafi aliyepita hapohapo hana kosa la jinai. Mvuvi anaijua tofauti hii vizuri, na inamuuma.

Kwa nini wavuvi wanakasirika kiasi hicho? Mtumbwi unapita tu.

Mtumbwi mmoja unapita tu. Swali hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kusimama ndani ya mto hadi kiunoni wakimnyemelea samaki.

Anayevua trauti kwa nzi bandia anaweza kutumia nusu saa akimtazama samaki mmoja anavyoinuka kula, akipanga arushe wapi ili nzi ashuke na mkondo bila kuburutwa. Kivuli kikipita juu, samaki huyo anazama na huenda asirudi kula kwa muda. Yakifuatana makundi matatu ya kayaki za kukodi, asubuhi imekwisha. Katika mito ya chokaa ya Hampshire, kama Test na Itchen, siku moja ya kuvua huuzwa kwa mamia ya pauni. Watu wanaosubiri mwaka mzima kwa ajili ya siku mbili za samoni si wote matajiri. Wapo wastaafu waliodunduliza.

Halafu kuna suala la malipo. England na Wales, kila mvuvi wa maji baridi mwenye umri wa miaka 13 na zaidi lazima awe na leseni ya ufito (ya kijana ni ya bure, lakini lazima aichukue). Juu yake analipa ada ya klabu au kibali cha siku. Fedha hizo hulipia walinzi, kupanda miti ukingoni, kuondoa vizuizi vya zamani ili samaki wapande. Mvuvi anapomwona mtu aliyeshuka na kayaki bila kulipa chochote, halafu anaambiwa kwamba mto ni wa wote, anahisi jasho lake halikuonekana. Nadhani hisia hiyo ni ya haki, hata kwa mtu kama mimi ambaye kafi ndiyo iko mikononi.

Na wapiga kafi wanadai nini hasa?

Chama chao, Paddle UK (hadi 2024 kikiitwa British Canoeing), kinasema haki isiyobishaniwa ipo kwenye takriban asilimia 4 tu ya mito ya England. Kwingine kote mtu anapita akiwa na wasiwasi, au hapiti. Sheria ya mashambani ya mwaka 2000, iliyowapa watembea kwa miguu haki ya kuingia milimani na nyikani, iliacha maji nje waziwazi: haikutoa haki ya kutumia chombo wala ya kuogelea mtoni. Basi mtu anaweza kutembea huru juu ya mlima, akafika mtoni, na haki yake ikaishia kwenye mchanga.

Lipo pia dai la kihistoria, na hapa ndipo mabishano huwa makali. Mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215 uliagiza nyando za kunasia samaki ziondolewe Thames, Medway na England yote. Mchungaji Douglas Caffyn alifanya utafiti mrefu akatoa hoja kwamba zamani umma ulikuwa na haki ya kupita kwenye kila mto unaopitika, na kwamba haki hiyo haikufutwa kihalali. Chama cha wavuvi, Angling Trust, kilichoundwa mwaka 2009, kinaipinga hoja hiyo moja kwa moja, kikiegemea maoni ya mawakili wake na hukumu za mahakama.

Na hukumu zipo. Mwaka 1972, katika kesi ya mto Wharfe, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba kupitisha mitumbwi kunaweza kuingilia haki ya mtu ya kuvua hata kama wakati ule hakuna mtu anayevua. Mwaka 1991 House of Lords, iliyokuwa bado mahakama ya juu kabisa, iliamua kesi ya Derwent ya Yorkshire: watu walitaka mto uhesabiwe kama njia ya umma kwa kuwa umetumika miaka mingi, jinsi kijia cha miguu kinavyohesabiwa. Majaji walikataa. Sheria ya vijia haikuhusu mto.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba haki ya umma iko kila mahali na hakuna shaka, anakupa tumaini ambalo mahakama bado haijalitia sahihi. Anayesema kwamba suala limefungwa kabisa naye anazidisha, kwa sababu nadharia ya Caffyn yote kwa ukamilifu wake haijawahi kupelekwa mahakamani na kuamuliwa.

Je, mitumbwi inaua samaki au kuwahamisha?

Shirika la mazingira la England na Wales lilichapisha mapitio ya ushahidi mwaka 2000. Hayakupata uthibitisho kwamba kupiga kafi kunapunguza idadi ya samaki mtoni. Kumsumbua mvuvi ni jambo moja, kuumaliza mto samaki ni jambo jingine, na pande zote mbili huchanganya mambo hayo.

Kuna kipindi kimoja ambacho tahadhari ni ya lazima. Samoni na trauti hutaga mayai kwenye changarawe, maji yakiwa machache na safi, kuanzia mwishoni mwa vuli hadi katikati ya baridi. Kuburuta kayaki juu ya changarawe hiyo, au kuikanyaga kwa buti, kunasaga mayai. Kuyavuruga mayai kwa makusudi ni kosa chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 1975, na kosa hilo linamhusu mvuvi anayetembea majini sawasawa na mpiga kafi. Desemba 2023 samoni wa Atlantiki wa Uingereza aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Maji yakiwa chini hata unagonga mawe, rudi nyumbani.

Wakubaliane tu. Si kuna makubaliano ya hiari?

Yapo, na mengine yamefanya kazi. Tatizo ni jinsi yalivyojengwa.

Mto mmoja wa wastani una wamiliki wengi, kila mmoja na nusu yake ya sakafu. Akikataa mmoja katikati, safari imekatika. Wakikubali wote, wanaweza kujitoa wakati wowote, kwa sababu walichotoa ni ruhusa, si haki. Klabu ya mitumbwi iliyotia sahihi haiwezi kumfunga mtu aliyenunua kayaki dukani jana, wala klabu ya uvuvi haiwezi kumfunga mwenye shamba wa mbele. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya majaribio ya makubaliano ya namna hii kwenye mito minne, Mersey, Teme, Waveney na Wear. Yalionyesha kwamba inawezekana, kwa kazi kubwa ya kumtafuta kila mwenye ukingo. Kuieneza kazi hiyo nchi nzima ni jambo jingine.

Isitoshe, makubaliano mengi huwasukuma wapiga kafi kwenye miezi ya baridi, msimu wa uvuvi ukiwa umefungwa. Miezi hiyo ndiyo maji yanaua kwa ubaridi, ndiyo mafuriko, na ndiyo samoni anapotaga. Sioni mantiki ya kimazingira hapo. Naona ratiba iliyopangwa na mwenye nguvu.

Uskoti walifanyaje?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Ugomvi wa Uskoti ulikuwa mkali vilevile. Katika miaka ya 1970 wamiliki wa uvuvi wa samoni kwenye mto Spey walikipeleka mahakamani chuo cha mitumbwi cha Cairngorm. Kesi ilifika House of Lords, na mwaka 1976 chuo kikashinda. Kilichoshinda kesi ni magogo: kwa muda mrefu watu walikuwa wameteremsha mbao kwenye Spey kutoka misituni hadi baharini, na majaji wakasema matumizi hayo yaliupa umma haki ya kupita. Haki hiyo ilikuwa ya Spey peke yake. Mito ambayo haikuwa na historia ya magogo ilibaki palepale.

Bunge la Uskoti likaamua kutoacha kila mto upiganie kesi yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika 2005, inampa kila mtu haki ya kuingia kwenye ardhi na maji mengi ya ndani kwa burudani isiyotumia injini, kwa sharti la kuwajibika. Kanuni zinazofuatana nayo zimejengwa juu ya mambo matatu: heshimu maslahi ya wengine, tunza mazingira, wajibika kwa matendo yako mwenyewe. Anayevunja kanuni hizo anapoteza kinga ya haki yake.

Wavuvi hawakupewa haki hiyo. Kuvua Uskoti bado kunahitaji ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi, na thamani ya haki hizo haikufutwa. Spey na Tay bado ni mito mikubwa ya samoni, watu bado wanalipa kuvua, na kayaki zinapita. Manung'uniko hayajakwisha, hasa kuhusu makundi makubwa ya kibiashara. Ila mazungumzo yamehama. Hawagombani tena kama una haki ya kuwapo. Wanajadili saa ngapi, wangapi, na mpite upande gani wa mto.

Kwa hiyo wewe uko upande gani?

Niko upande wa sheria ya Uskoti kuletwa England na Wales. Nimeona wavuvi waungwana na wapiga kafi waungwana, na nimeona wakorofi wa pande zote, na sidhani tabia ndiyo chanzo. Chanzo ni bunge lililowaacha watu wawili wenye mapenzi na mto mmoja wabishane juu ya karatasi za karne ya kumi na tatu. Bunge la Wales liliunda uchunguzi wa kamati, uliotoa ripoti mwaka 2010. England haijafika hata hapo kwa uzito. Hakuna haki ya jumla upande wowote.

Wapiga kafi nao wakipewa haki wachangie. Nitaunga mkono ada ya kila mwaka inayokwenda moja kwa moja kwenye utunzaji wa mito. Wanachama wa Paddle UK tayari hulipia leseni ya njia nyingi za maji kupitia uanachama wao, basi wazo si geni.

Nchi nyingine?

Ufaransa, sheria ya maji tangu 1992 inaruhusu vyombo visivyo na injini kupita kwa uhuru, kwa kuheshimu wamiliki wa kingo. Montana, Marekani, ni mfano ninaoupenda zaidi kwa sababu wavuvi na watu wa mitumbwi walikuwa upande mmoja: walishinda kesi mwaka 1984, na 1985 jimbo likapitisha sheria inayouruhusu umma kutumia mito hadi alama ya maji ya kawaida yanapojaa. Huko mvuvi alihitaji mtumbwi ili amfikie samaki.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Ugomvi wa aina hii haupo kwa sura hiyo, kwa kuwa msingi wa sheria ni mwingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inaiweka mito katika ardhi ya umma. Tanzania, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inayaweka maji yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Kubishana kwetu ni juu ya mashamba ya mabondeni, umeme na maji ya kunywa. Jinja, Uganda, wapiga kayaki walipoteza maporomoko ya Bujagali kwa bwawa la umeme lililokamilika 2012, si kwa wavuvi.

Nimemkuta mvuvi amesimama katikati ya mto. Nifanyeje?

Simama upande wa juu wa mto kabla hujamfikia, kwa umbali, ikiwezekana kwenye maji tulivu. Subiri akuone. Muulize kwa ishara au kwa sauti ya kawaida: nipite wapi? Kwa kawaida atavuta mshipi na kukuonyesha upande. Pita kwa haraka ya wastani bila kurusha maji, bila muziki, mkifuatana kwa mstari mmoja, kisha mshukuru. Mkiwa kumi, msipite mmojammoja kwa dakika ishirini. Usikae kwenye kidimbwi anachokivua.

Akikutukana, usijibu. Endelea.

Mimi ndiye mvuvi. Naombwa nini?

Vuta mshipi mapema, onyesha njia, usimtishe mtu kwa kurusha risasi ya mshipi karibu naye. Usikisie kwamba hana haki: huenda yuko kwenye mto wenye haki ya kupita, au ameruhusiwa na mwenye ukingo wa pili. Na kumbuka mtoto aliye kwenye kayaki ya kukodi hajui hata mshipi wako umeanzia wapi.

Kwa nini tunaambiwa tuoshe vifaa?

Kwa sababu viumbe na mimea vamizi husafiri kwenye unyevu wa kayaki, wavu na buti. Kagua, safisha, kausha, kila unapohama mto. Uduvi muuaji aligunduliwa kwenye bwawa la Grafham mwaka 2010, na tauni ya kamba, inayosambazwa na kamba wa Kimarekani, imewamaliza kamba wa asili katika mito mingi. Hili halina upande.

Nimeona maji ya kijivu yananuka yakimwagika mtoni. Inanihusu?

Inakuhusu kuliko kibao chochote cha ukingoni. Mei 2023 Natural England, shirika la serikali la kulinda mazingira asilia, iliishusha hali ya mto Wye kuwa mbaya na inayoendelea kuporomoka. Mbolea ya mashamba ya kuku na maji taka vimetajwa sana katika chanzo chake. Feargal Sharkey, mwanamuziki anayevua kwa nzi bandia, ndiye aliyeipaza sauti ya maji taka hadi bungeni, na shirika la Fish Legal huwashtaki wachafuzi kwa niaba ya wavuvi. Wapiga kafi nao ndio wanaopita sehemu ambazo hakuna njia ya miguu, hivyo huona mabomba ambayo mvuvi aliye mahali pamoja hawezi kuyaona.

Ukiwa England, piga simu ya dharura ya Environment Agency, 0800 80 70 60, saa 24. Taja jina la mto, alama iliyo karibu, saa, rangi na harufu ya maji, na kama umeona samaki wamekufa. Piga picha usiguse maji. Kisha mjulishe mvuvi wa kwanza utakayemkuta, ili naye apige.